Kutathmini mahitaji na upatikanaji wa maji katika kanda yenye mabonde kadhaa ya mito

Kosa linaloharibu tathmini nyingi za maji ni la kihesabu, na ni rahisi kulifanya bila kujua: maji yale yale huandikwa mara mbili. Chemchemi huingizwa katika safu ya maji ya ardhini, kisha mto unaolishwa na chemchemi hiyo huingizwa katika safu ya maji ya juu ya ardhi. Maji yanayochotwa na mji ulio juu ya mto hujumlishwa na maji yanayochotwa na skimu ya umwagiliaji iliyo chini yake, ilhali sehemu kubwa ya maji ya skimu ni yale ambayo mji umeyatumia na kuyarudisha mtoni. Kanda inapokuwa na mabonde mawili au zaidi, nafasi za kukosea huongezeka, kwa kuwa mipaka ya utawala haifuati njia za maji. Hatua zilizoelezwa hapa zimepangwa kwa lengo moja, yaani kuhakikisha kwamba kila mita ya ujazo ina mahali pake, mwezi wake na mstari wake mmoja tu katika jedwali.

Hatua ya kwanza: kuamua swali na kipindi

Kabla ya kukusanya takwimu yoyote, andika kwa sentensi moja ni uamuzi gani utakaotokana na tathmini. Anayetaka kujua kama vibali vipya vya kuchota maji vinaweza kutolewa anahitaji mtiririko wa miezi ya kiangazi katika kila tawi la mto. Anayepanga bwawa anahitaji mfululizo wa miaka mingi, ikiwemo ile ya ukame wa kufuatana. Anayeandaa taarifa ya kitaifa anaweza kuridhika na jumla za mwaka. Chagua pia mwaka wa msingi ambao takwimu zote za mahitaji zitarejeshwa kwake, kwa sababu idadi ya watu ya mwaka mmoja haiwezi kuwekwa kando ya eneo la umwagiliaji la miaka kumi kabla. Uhasibu wa maji uanzie mwanzo wa msimu wa mvua, hata kama tarehe hiyo hailingani na kalenda ya kawaida, ili mvua na mtiririko unaotokana nayo viangukie katika mwaka mmoja.

Hatua ya pili: kuigawa kanda kwa kufuata maji

Chora mipaka ya mabonde kwa kutumia data za mwinuko wa ardhi. Data zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari mwaka 2000 zinapatikana bure kwa sehemu za dunia zilizo kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini, nazo zinatosha kwa kazi nyingi, isipokuwa kwenye tambarare na maeneo ya vinamasi ambako tofauti ya mwinuko ni ndogo kuliko kosa la kipimo. Huko ramani ya kompyuta itakuchorea mto mahali ambapo hapajawahi kupita maji, hivyo waulize wanaoyafahamu maeneo hayo kabla ya kuiamini.

Kila bonde ligawe katika vidakio vidogo, yaani maeneo ambayo mvua yake hukusanyika na kutokea mahali pamoja mtoni, na mwisho wa kila kidakio uwe mahali penye maana: kituo cha kupima mtiririko, banio kubwa (kizuizi cha kuelekeza maji ya mto mferejini), makutano ya mito au mpaka wa utawala. Baada ya hapo weka ramani ya wilaya juu ya ramani ya vidakio na ugawe idadi ya watu, mifugo na mashamba kwa kila kidakio. Usigawe watu kwa uwiano wa eneo tu, kwani wilaya ambayo nusu yake ni msitu wa hifadhi haina nusu ya watu wake msituni. Tumia takwimu za sensa kwa ngazi ya chini kabisa inayopatikana.

Hatua ya tatu: kukadiria maji ya juu ya ardhi

Anza na mvua, lakini usiishie hapo. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, na kwa hiyo kidakio cha kilomita za mraba 5,000 kinachopata milimita 900 kwa mwaka hupokea mita za ujazo bilioni 4.5. Tarakimu hiyo huwapendeza wanasiasa, ila sehemu kubwa yake hurudi hewani kwa kuvukizwa na udongo na kupumuliwa na mimea kabla haijafika mtoni. Tuchukulie kwamba asilimia 12 ndiyo inayofika mtoni: tunabaki na mita za ujazo milioni 540, sawa na wastani wa mita za ujazo 17 hivi kwa sekunde. Kwa ubadilishaji wa haraka, kumbuka kwamba mita moja ya ujazo kwa sekunde ikitiririka mwaka mzima hutoa takribani mita za ujazo milioni 31.5.

Mtiririko uliopimwa ndio ushahidi mkuu, nao unastahili kukaguliwa kwa ukali. Vituo vingi havipimi mtiririko wenyewe. Hupima kina cha maji, kisha kina hicho hugeuzwa kuwa mtiririko kwa kutumia mchoro wa uhusiano uliopatikana kwa vipimo vya uwanjani. Mafuriko makubwa yakichimba au kujaza sakafu ya mto, mchoro wa zamani haufai tena, na namba zitakazoendelea kuandikwa zitakuwa safi kwa kuziangalia na za uongo kwa maana. Tafuta tarehe ya mara ya mwisho mchoro huo ulipohakikiwa. Linganisha pia vituo vinavyofuatana: ikiwa kituo cha chini kinaonyesha maji pungufu kuliko cha juu kwa muda mrefu, ama kuna uchotaji usioandikwa, ama maji yanazama ardhini, ama kituo kimoja kina hitilafu. Mahali ambapo kumbukumbu za ndani zimekatika, kituo cha kimataifa cha data za mtiririko kilichopo Koblenz, Ujerumani, huhifadhi mifululizo ya mito mingi duniani na huenda kikawa na miaka iliyopotea.

Sasa tunafika mahali ambapo tathmini nyingi huharibika. Mtiririko uliopimwa chini ya mabanio tayari umepunguzwa na watumiaji wa juu. Ukiuchukua kama kiasi cha maji kilichopo, kisha ukatoa mahitaji ya watumiaji wale wale, utakuwa umewatoza mara mbili, na bonde litaonekana kukauka kuliko lilivyo. Lazima kwanza urudishe kwenye hesabu yale yaliyopotea juu ya kituo, yaani uchotaji ukiondoa maji yaliyorudi mtoni, pamoja na mabadiliko ya ujazo wa mabwawa na uvukizaji wake, ili upate mtiririko wa asili. Kazi hii inachosha, na kumbukumbu za uchotaji wa zamani mara nyingi ni hafifu. Hata hivyo makadirio yaliyoelezwa wazi ni bora kuliko kuiruka hatua yenyewe.

Urefu wa kumbukumbu una uzito wa pekee. Mfano unaotajwa sana ni wa mto Colorado nchini Marekani. Mkataba wa mwaka 1922 uliligawa bonde katika sehemu ya juu na ya chini na kuipa kila sehemu futi-ekari milioni 7.5 kwa mwaka, sawa na takribani mita za ujazo bilioni 9.25, kwa kutegemea kumbukumbu za miongo ya mwanzo ya karne ya 20 ambayo ilikuwa na maji mengi kuliko kawaida. Mkataba wa mwaka 1944 ukaongeza futi-ekari milioni 1.5 kwa ajili ya Mexico. Mto haukuwahi kuyatoa maji hayo yote kwa uthabiti, na tangu mwaka 2000 umekuwa chini zaidi. Miaka 30 ya data ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika kwa kawaida, lakini miaka 30 iliyojaa mvua inaweza kukudanganya vizuri kuliko miaka 15 ya mchanganyiko.

Kwa kila kituo, usitoe wastani peke yake. Toa mtiririko wa kila mwezi katika mwaka wa kawaida, katika mwaka mkavu unaotarajiwa mara moja kwa miaka mitano, na kile kiwango ambacho mto hukifikia au kukizidi kwa asilimia 90 ya siku.

Hatua ya nne: kuongeza maji ya ardhini bila kuyarudia

Maji yanayojaza hazina za ardhini hatimaye hutokea mahali fulani, mara nyingi kama mtiririko wa kiangazi wa mto ule ule uliokwisha kuupima. Kwa hiyo ujazo wa mwaka wa hazina hiyo hauwezi kujumlishwa wote na mtiririko wa mto. Kinachoongezwa ni ile sehemu tu isiyotokea mtoni ndani ya kidakio: maji yanayopita chini ya ardhi kwenda bonde jingine, yanayotoka moja kwa moja baharini, au yanayovukizwa na mimea yenye mizizi mirefu na ambayo visima vingeweza kuyachukua. Iliyobaki ihesabiwe kuwa chanzo kilekile chenye milango miwili.

Kuna jambo jingine la kuangalia katika mabonde mengi: miamba yenye maji haifuati mgongo wa kilima unaogawa mito. Kisima kilichochimbwa katika bonde moja kinaweza kuvuta maji ambayo yangetokea katika bonde la jirani. Vipimo vya setilaiti pacha zinazopima uvutano wa dunia, zilizorushwa mwaka 2002 na kurithiwa na nyingine mwaka 2018, huonyesha kupungua kwa maji katika maeneo makubwa sana, lakini hazina uwezo wa kuona kidakio kidogo. Huko hakuna mbadala wa kupima kina cha maji visimani kila mwezi.

Hatua ya tano: kukokotoa mahitaji

Tenganisha mambo matatu tangu mwanzo: mahitaji, yaani kiasi ambacho shughuli ingekitumia kama maji yangekuwepo, uchotaji, yaani kiasi kinachoondolewa mtoni au kisimani, na upotevu halisi, yaani kiasi kisichorudi katika bonde kwa matumizi ya mwingine. Vibali vya maji havitoi hata kimojawapo kati ya hivyo vitatu. Vinaonyesha ruhusa, na wenye ruhusa huchota pungufu, au zaidi, au waliacha kuchota zamani.

Kwa matumizi ya nyumbani, Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi kinachokidhi mahitaji ya msingi. Mji wa watu 300,000 kwa lita 100 unahitaji mita za ujazo 30,000 kwa siku mabombani. Kama asilimia 35 ya maji hupotea kwenye mabomba, wengi huongeza asilimia 35 juu ya 30,000 na kupata 40,500. Hapo wamekosea: inabidi kugawa 30,000 kwa 0.65, na jibu ni karibu 46,200. Tofauti hiyo ya mita za ujazo 5,700 kwa siku yatosha kuumbua mradi mzima. Viwanda na migodi visikadiriwe kwa wastani wa sekta, kwani kiwanda kimoja kinaweza kuzidi vingine vyote. Viendee kimoja kimoja.

Umwagiliaji ndio unaohitaji muda wako mwingi, kwa kuwa kilimo huchukua takribani asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa duniani. Utaratibu uliozoeleka ni ule uliochapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1998, ambao huanza na kiasi cha maji kinachopotezwa na nyasi za kumbukumbu (nyasi zinazotumiwa kama kipimo cha kulinganishia mazao mengine) kutokana na jua, joto, upepo na unyevu wa hewa, kisha hukizidisha kwa kizidishi cha zao husika kulingana na umri wake. Ikiwa nyasi hizo hupoteza milimita 5 kwa siku, mahindi yaliyo katikati ya ukuaji, yenye kizidishi cha 1.2, yatahitaji milimita 6 kwa siku, au 180 kwa siku 30. Ondoa milimita 40 za mvua yenye manufaa, zinabaki 140, ambazo ni mita za ujazo 1,400 kwa hekta. Kama ufanisi wa mifereji na mashamba kwa pamoja ni asilimia 40, banio litachota mita za ujazo 3,500 kwa hekta. Skimu ya hekta 2,000 itahitaji milioni 7 kwa mwezi huo, sawa na mita za ujazo 2.7 kwa sekunde, na katika mto mdogo wa kiangazi huenda hicho ndicho kiasi chote kilichopo.

Eneo linalomwagiliwa lihakikiwe kwa picha za setilaiti za msimu wa kiangazi. Takwimu za skimu zilizosajiliwa huwaacha nje wakulima wadogo wenye pampu kando ya mto, ambao kwa wingi wao wanaweza kuchota kuliko skimu rasmi.

Hatua ya sita: kutenga maji ya mazingira na ya walio chini

Maji ya mazingira huondolewa kabla ya mgawanyo wowote. Njia ya haraka, iliyotokana na kazi ya mtafiti Tennant ya mwaka 1976, huchukua asilimia 10 ya wastani wa mtiririko kuwa kiwango cha kunusuru viumbe kwa muda mfupi tu, na asilimia 30 kuwa kiwango kinachodumisha makazi yenye hali nzuri. Njia hiyo ilitokana na mito ya Marekani, na mto wenye mafuriko ya msimu unahitaji zaidi ya kima cha chini. Samaki wengi huzaliana tambarare inapofurika. Itumie kwa makisio ya awali, na omba utafiti wa kina kwa vidakio vyenye mgogoro.

Tenga pia kiasi kinachotakiwa kuvuka mpaka kwa mujibu wa makubaliano. Makubaliano ya mto Nile ya mwaka 1959 kati ya Misri na Sudan ni mfano wa namna uhasibu huo unavyoandikwa: mtiririko wa mita za ujazo bilioni 84 uligawanywa kuwa 55.5 kwa Misri, 18.5 kwa Sudan, na bilioni 10 zikaachiwa uvukizaji na upotevu mwingine wa bwawa la Aswan. Mgawanyo huo wa bilioni 84 zote ulifanywa na nchi mbili, ilhali nchi za juu ambako maji hayo hutoka hazikupewa chochote, na mgogoro uliofuata unaeleweka. Mstari wa uvukizaji, kwa upande wake, ni wa kuigwa, kwa sababu tathmini nyingi huusahau kabisa.

Hatua ya saba: mizania ya mwezi kwa mwezi

Andaa lahajedwali lenye mstari kwa kila kidakio kuanzia vyanzo hadi mlangoni mwa mto, na safu kwa kila mwezi. Katika kila mstari weka maji yanayoingia kutoka juu, yanayozalishwa ndani ya kidakio, yanayochotwa, yanayorudi, yanayohifadhiwa na yanayotoka. Kinachotoka ndicho kinachoingia katika mstari unaofuata, wala hakuna maji yanayoruhusiwa kutokea pasipo mstari wake.

Faida ya mpangilio huu inaonekana kwa maji yanayorudi. Mji ukichota milioni 40 kwa mwaka na kurudisha milioni 28, na skimu iliyo chini yake ikichota milioni 50 na kurudisha 15, uchotaji unafika milioni 90, ilhali mto umepoteza milioni 47 tu. Kwa sababu hiyo hiyo, kusakafia mifereji ya skimu ili "kuokoa" milioni 10 kunaweza kusiokoe chochote kwa bonde, ikiwa milioni 10 hizo ndizo zilizokuwa zikirudi mtoni na kumfikia mtumiaji mwingine. Ubora wa maji yanayorudi uzingatiwe pia, kwani yaliyochafuka kupita kiasi si maji yaliyopo kwa mji ulio chini.

Faida ya pili ni ya majira. Katika kidakio chetu chenye milioni 540, mahitaji ya milioni 200 kwa mwaka yanaonekana madogo. Sasa tuseme miezi mitatu ya kiangazi ina mtiririko wa milioni 30, mahitaji ya milioni 85 na maji ya mazingira milioni 12. Upungufu ni milioni 67, na jumla ya mwaka ilikuwa imeuficha wote. Ukipendekeza bwawa, ongeza uvukizaji wake: eneo la kilomita za mraba 10 likipoteza milimita 5 kwa siku kwa siku 90 linaondokewa na milioni 4.5.

Vigezo vya jumla vitumike kwa kiasi. Kile cha mita za ujazo 1,700 kwa mtu kwa mwaka, ambacho chini yake eneo huhesabiwa kuwa na shinikizo la maji, na 1,000 kwa uhaba, hakijui kiangazi ni nini. Kigezo cha malengo ya maendeleo endelevu, kinachogawa uchotaji kwa maji yanayojirudisha baada ya kuondoa ya mazingira na kuanza kuhesabu shinikizo kwenye asilimia 25, ni bora kidogo, lakini nacho ni cha mwaka mzima.

Hatua ya nane: maji yanayovuka kutoka bonde moja hadi jingine

Mji uliojengwa kwenye mgongo wa ardhi unaogawa mabonde mawili unaweza kuchota katika bonde la mashariki na kumwaga maji taka katika bonde la magharibi. Kwa bonde la kwanza, kila tone lililochotwa ni upotevu kamili. Kwa la pili, maji yanayorudi ni mapato mapya. Tengeneza jedwali la mraba ambalo mistari yake ni mabonde yanayotoa na safu zake ni mabonde yanayopokea, kisha hakikisha jumla ya kila mstari inaonekana kama tokeo katika mizania ya bonde husika, na jumla ya kila safu kama ingizo. Tofauti inayobaki ni kosa la kutafutwa, isizungushwe ikapotea. Ziada ya bonde moja isifidie upungufu wa jingine katika jumla ya kanda isipokuwa kuna mfereji au bomba linaloyaunganisha, na hata hapo kwa kiasi cha uwezo wa bomba hilo tu. Angalia pia kama miaka ya ukame hulingana katika mabonde yote mawili, kwa kuwa jirani anayekauka siku ile ile unayokauka wewe si akiba.

Hatua ya tisa: kupima uhakika na kuandika matokeo

Endesha mizania kwa miaka iliyopita na ulinganishe matokeo na vituo vilivyopimwa. Kisha badilisha kila kadirio kubwa kwa kiwango cha shaka chake na uone kama uamuzi unabadilika. Kama shaka ya eneo linalomwagiliwa ndiyo inayogeuza ziada kuwa upungufu, fedha za msimu ujao ziende kupima eneo hilo. Makadirio ya miaka ijayo yawe ya njia kadhaa, angalau moja ya mvua pungufu na joto zaidi, kwani joto pekee huongeza mahitaji ya mazao hata mvua isipobadilika.

Katika taarifa, kila namba iambatane na kipindi chake, kituo chake na alama inayoonyesha kama imepimwa, imekokotwa au imekisiwa. Lahajedwali lenyewe litolewe pamoja na taarifa, likiwa na fomula zake, na lirudiwe pale sensa mpya, bwawa jipya au mchoro mpya wa kituo unapobadilisha mstari wowote ndani yake.